Kuhusu Ndege wa Hamsini wa Kunduchi na Sahihi Uliyoninyima

Kinondoni, Dar es Salaam
26 Aprili 1954

Kwa Muhtaram Thuwaini bin Hamoud,
Mwenye Duka na Mwenye Nyumba,
Kunduchi.

Mheshimiwa Mzee Thuwaini,

Shikamoo. Natanguliza salamu hiyo kwa sababu shangazi yangu aliyenilea alinifundisha kwamba mtu mzima huamkiwa hata siku ya kushitakiwa, nami sitaki shauri langu liharibike kwa kosa la adabu. Baada ya salamu, nakuomba uvae miwani yako, usogee penye mwanga, uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujaifungia bizari ya mtu.

Mimi ndiye Audax Revelian, mpangaji wako wa siku kumi za Pasaka, mwalimu wa historia, mwenye shahada kutoka Makerere. Nilifika kwako tarehe 10 pamoja na mke wangu Jovina, watoto wetu wawili, shangazi yangu Kokuberwa, na darubini. Naitaja shahada si kwa kujivuna. Kujivuna nina mahali pengine pa kukufanya. Naitaja ili ujue kwamba mtu anayelalamika hapa amesomea kulalamika.

Utakumbuka kwamba sikuja Kunduchi kuogelea. Mjini kuna Chama cha Watazama Ndege wa Pwani, ambacho wanachama wake wote hadi leo ni Wazungu. Kanuni zao, ambazo nadhani nimezisoma mara nyingi kuliko wao, hazimkatazi mtu yeyote. Mwombaji ataorodhesha aina hamsini za ndege aliowaona au kuwasikia katika siku kumi mfululizo, na orodha hiyo itatiwa sahihi, mstari kwa mstari, na mwenyeji wa mahali hapo mwenye nyumba au shamba. Mwisho wa kupokea fomu ni tarehe 30 Aprili. Nilipokwenda kuchukua yangu, Katibu wa Chama alinitazama kuanzia viatu mpaka kola, kisha akaniambia kwa upole, kama mtu anayemfariji mgonjwa: "Mwafrika hutazama ndege akiwa na njaa." Nikaondoka na fomu mkononi na maneno hayo masikioni. Kila mstari wa fomu ile nilikusudia uwe jibu lake. Hamsini ndiyo hesabu inayomlazimu kusimama na kunipa mkono. Arobaini na tisa haimlazimu kitu.

Sasa nayaleta malalamiko yangu, nikianza na yale ambayo mtu muungwana angeweza kuyasamehe.

1. Mvua. Siku nilipokuja kuitazama nyumba uliniambia, huku ukimpimia mtu mchele: "Mvua ya huku haina taabu, mwalimu. Hunyesha usiku, mchana huenda zake Zanzibar." Mzee wangu, mvua hiyo haikwenda Zanzibar wala popote. Siku tisa ilinyesha usiku na mchana. Siku ya kumi ilipumzika saa moja tupakie mizigo, kisha ikapanda nasi kwenye lori mpaka Kinondoni. Silaumu mbingu, kwa kuwa mbingu haikunipa ahadi. Namlaumu aliyeisemea.

2. Mwenendo wa ndege wenyewe. Ndege wa Kunduchi, wakilowa, hawana heshima kwa elimu. Yangeyange alining'inia katika mnazi wako kama kitambaa cha kufutia vyombo. Furukombe alikaa siku tatu juu ya kisiki kimoja akinipa mgongo, mfano wa karani wa serikali saa ya chakula. Mdiria niliyemwandika siku ya Jumatatu, rangi yake ikinimeremetea kwa mbali, nilimwendea Jumanne nikakuta ni kipande cha chupa kilichokwama kwenye mizizi ya mkoko. Nikamfuta, maana mimi sipeleki uongo mbele ya Wazungu. Uongo wao unawatosha. Wewe ulipotukabidhi nyumba ulisema mpangaji atajibu kwa kila litakalofanywa na watoto wake. Vema. Mwenye ardhi naye ajibu kwa kila kinachotua juu ya ardhi yake.

3. Elimu yako. Kila nilipokuuliza jina la ndege ulinijibu habari za chungu. Sululu: "Huyo analiwa, ila mifupa mingi." Korongo: "Huyo haliwi." Chozi, yule ndege mdogo wa thamani anayenyonya maua: "Huyo hata paka hamtaki." Kwa muda wa siku sita nilipokea kwako sayansi yenye koo mbili tu, wanaopikwa na wasiopikwa. Jaribu kuufikiria uchungu wangu. Nimetoka mbele ya Katibu nikiwa nimeapa kumthibitishia kwamba hatutazami ndege kwa njaa, na shahidi wangu wa pekee, mwenyeji mwenye nyumba na shamba, hawezi kumwona ndege bila kumwona na nazi.

4. Wema wa Bi Badriya. Mkeo ni mwema kupita kiasi, na hicho kiasi ndicho ninachokilalamikia. Kila siku maji yalipotoka ufukweni, ndege wakashuka kula, nami nikainua darubini, ndipo alipopiga hodi na sinia la vitumbua lililofunikwa kawa. "Hodi wenyewe! Mmeamkaje? Watoto wameamkaje? Shangazi kaamkaje? Na mvua hii mnaionaje?" Mvua naionaje! Naiona vizuri kuliko ndege. Lakini ada ya watu wenye adabu ni kujibu moja baada ya jingine, kisha kuuliza yote hayo upande wake, kuanzia mume mpaka mbuzi. Nimepima kwa saa ya mkononi: dakika kumi na saba. Katika dakika hizo nimepoteza aina nne za ndege, na mmoja wao, kwa jinsi alivyoruka, hakuwa wa kawaida. Vitumbua vilikuwa vitamu. Hilo halimo katika shitaka.

5. Ndege wa hamsini. Hapa ndipo ninapoweka kalamu chini, navuta pumzi, naichukua tena.

Alhamisi Kuu, alasiri, mvua ikiwa nzito kuliko siku zote, tulikuwa barazani kwako tukinywa kahawa. Daftari langu lilikuwa limefika ndege arobaini na tisa, nami nilikuwa nimebakiwa na siku tano za kumpata mmoja. Ndipo kutoka nyuma ya jiko la nyumba niliyopanga, upande wa ule mti wa mkungu, ikaja sauti ambayo sijapata kuisikia katika maisha yangu wala kuisoma katika kitabu. Mluzi safi. Sauti tatu zikapanda, moja ndefu ikashuka polepole, kisha kimya kifupi kama cha mtu anayevuta pumzi, kisha tena. Nilisimama, kahawa ikamwagika juu ya jamvi lako. Nikakuuliza: "Umesikia?" Ukajibu: "Nimesikia." Neno hilo, Mzee Thuwaini, hujalikanusha mpaka leo.

Nilimchunguza ndege huyo kwa siku tatu. Tabia zake nimeziandika: hulia mvua inapozidi, hunyamaza inapopungua; hakubali kukaribiwa; hapendi nyayo za wanaume. Ijumaa nilimwendea kwa tumbo, katika tope, nikiwa nimejifunika majani ya mgomba. Nilipofika chini ya mkungu hakuwapo. Shangazi alikuwa jikoni akichochea kuni mbichi. Nikamwuliza kama amemwona ndege, akasema hajaona ndege. Naye si mtu wa kusema uongo. Kisha akaniuliza ni nini kilichonifanya nitambae kama kenge siku aliyokufa Bwana wetu, nami nikamwomba maji ya kunawa.

Jumatatu ya Pasaka nikakuletea fomu dukani. Ulitia sahihi mistari arobaini na tisa, mmoja mmoja, kwa mwandiko mzuri, hata kwa wale wasioliwa. Ulipofika wa hamsini, ambapo niliandika "Mpiga Mluzi wa Kunduchi, hajaelezwa bado na wataalamu", ukausoma mara mbili, ukafuta nibu, ukaziba wino.

"Huyu simtii sahihi, mwalimu."

Nikakuuliza sababu. Ukasema: "Sauti nimeisikia. Ndege sikumwona." Nikakusomea kanuni, kwamba kusikia kunatosha. Ukasema kanuni ni nzuri, na bado hutii sahihi. Nilipokuuliza mara ya tatu, mbele ya wateja wawili na mtungi wa mafuta ya taa, ukanijibu maneno ambayo nimeyapeleka nyumbani nikayapima kwa kila mizani niliyonayo: "Sababu ninayo, ila si yangu kuitoa."

Si yako! Ni mali ya nani? Wewe ambaye unajua kila mnazi wa Kunduchi ni wa nani, na nazi iliyoanguka mpakani ni ya nani, leo una sababu mdomoni mwako ambayo ni ya mtu mwingine, nawe unaitunza kama amana ya yatima? Katika miaka yote niliyokaa na walimu wa mantiki sikupata kusikia kwamba sababu huwekwa rehani.

6. Ushahidi wa sikio. Nakuuliza kwa heshima, na ujijibu mwenyewe. Alfajiri adhana ikitoka msikitini, huendi kwanza kumtazama muadhini. Unaisikia, unaacha kitanda. Gavana hujamwona hata siku moja, lakini kodi yake unailipa. Sanduku lako la redio likisema kwamba huko Ulaya kuna baridi, unatikisa kichwa kwa huruma kama mtu aliyekuwako. Maisha yako yote, Mzee wangu, yamesimama juu ya mambo uliyoyasikia. Kisha anakuja ndege mmoja, maskini, mwenye mluzi tu duniani, anakuomba herufi chache za jina lako, nawe unageuka kuwa mtu wa kuona kwa macho!

7. Kicheko. Nilipokuwa nikitoka dukani, Bi Badriya aliyekuwa mlango wa ndani aliziba mdomo kwa pindo la kanga, akaingia haraka. Nilisikia kilichofuata. Sayansi imechekwa tangu zamani na imezoea, lakini si kwa kicheko kirefu namna ile. Nyumbani nako sikupata faraja. Jovina, ambaye kwa kawaida hunitetea hata ninapokosea, ghafula alikuwa na beseni la kusugua. Na shangazi yangu, mwanamke aliyeuza kahawa yake mwenyewe ili nifike Makerere, ambaye hajapata kuniambia "inatosha" katika jambo lolote la masomo, aliniambia bila kuinua macho: "Audax, arobaini na tisa ni wengi." Hivyo ndivyo hewa ya Kunduchi inavyowafanya watu wa maana. Nimewaleta kwako wakiwa na tamaa ya maendeleo, nimewarudisha wakiwa wametosheka.

Kwa hayo yote nadai mambo matatu.

Kwanza, uitie sahihi fomu niliyoiambatanisha hapa, mstari wa hamsini, na uirudishe kwa lori la kwanza, ifike kabla ya tarehe 30.

Pili, uiandike ile sababu, na umtaje mwenyewe.

Tatu, mkungu ule usikatwe, usipandwe, usitundikwe nguo, mpaka wataalamu watakapofika.

Ukikataa, nitakwenda kwa Liwali. Liwali akichelewa, nitakwenda kwa Bwana Diisii, mkuu wa wilaya. Bwana Diisii akicheka, na nadhani atacheka, sitarudi nyuma. Nchi hii, kama unavyojua, si koloni; ni nchi ya udhamini, na Umoja wa Mataifa hupokea malalamiko ya mtu yeyote. Mwaka huu wajumbe wao wanatarajiwa kuja. Wengine watawapelekea habari za ardhi na ushuru. Mimi nitawapelekea ndege. Nitaeleza jinsi mtu wa nchi hii alivyofika umbali wa mstari mmoja kutoka katika usawa, na aliyemzuia hakuwa Mzungu, alikuwa jirani yake aliyeziba wino. Jina lako na la kila mtu aliyehusika na sauti ile litaandikwa katika kumbukumbu za New York, na huko hakuna bizari inayofungiwa karatasi.

Msalimie Bi Badriya na umwambie kwamba vile vitumbua vya Jumapili sijavisahau, ingawa nimejaribu. Wasalimie wale wateja wawili walioshuhudia. Jovina anawasalimu, watoto wanawasalimu, na shangazi anakusalimu wewe zaidi ya sisi sote, kwa sababu ambayo hakutaka kunieleza.

Nabaki kuwa mpangaji wako wa zamani, mwenye haki yote isipokuwa sahihi moja,

Audax Revelian

Nyongeza. Ijumaa, 30 Aprili.

Barua hii haikuondoka siku niliyoiandika. Jumatatu ile jioni nilimsomea Jovina kwa sauti, ili asikie jinsi ilivyojengeka. Shangazi alikuwa amekaa kizingitini akichambua maharage. Nilipofika penye New York akanikatiza.

"Hao watu wa Mataifa, jina wataliandika kweli?"

Nikamwambia wataliandika kwa mashine.

"Basi waandike langu," akasema. Akaweka ungo chini, akakunja midomo, akapiga. Sauti tatu zikapanda, moja ndefu ikashuka. Akavuta pumzi. Hakurudia.

Mzee Thuwaini, kwetu Bukoba mwanamke hapigi mluzi. Mtoto wa kike akijaribu hupigwa kofi la mdomo. Mwanamke mzima akisikika, ukoo mzima huona haya. Shangazi alifundishwa na marehemu mume wake, mwaka wa kwanza wa ndoa yao, ili waitane katika migomba bila mama mkwe kujua ni nani. Alipofiwa, hakuacha kumwita. Miaka ishirini na miwili sasa, naye huita siku za mvua kubwa tu, kwa sababu nyumba yake ya Bukoba ni ya bati, na yetu hii ya Kinondoni ni ya bati, na mvua ikipiga bati humsikii hata mtu uliyegusana naye bega. Ndiyo maana mwanamke huyu amenilea tangu nina miaka sita, nami sikujua. Jiko lako limeezekwa makuti. Mvua ikianguka juu ya makuti haingurumi. Shangazi hajapata kukaa chini ya makuti. Alipoiona mvua nzito namna ile alidhani amejificha.

Bi Badriya alimkuta siku ya Jumamosi, alipopita na sinia kwa mlango wa nyuma. Aliliweka sinia, akatoka, akakwambia wewe peke yako. Jovina alijua Jumapili. Watoto walijua kabla ya wote, na walidhani kwamba nami najua. Katika nyumba mbili zile alibaki mtu mmoja tu asiyejua, naye ndiye aliyekuwa na darubini.

Nilitaka kuichana barua. Shangazi akanizuia. "Ipeleke kama ilivyo. Yule mzee alinisitiri mbele yako, nawe unamshitaki kwa kunisitiri. Na ajue ni mtu wa namna gani aliyemvumilia siku kumi. Halafu umwombe radhi hapo chini, kwa mkono wako huo huo."

Naomba radhi. Sina kanuni ya kuongeza.

Fomu nimeitoa katika bahasha, nimeupiga mstari wa hamsini kalamu, na asubuhi hii nimeipeleka mwenyewe mjini. Katibu alihesabu kwa kidole, akahesabu tena, akanirudishia. Hakusimama. Aliuliza kwa nini nimemfuta wa hamsini, nikamwambia kwamba sababu ninayo.

Tangu Jumatatu mvua imenyesha mara tatu juu ya bati letu. Kila mara nimekaa karibu na mlango wa jikoni, bila daftari. Sijasikia kitu, wala sijui kama ni kwa ajili ya bati au kwa ajili yangu. Kwa hiyo, ikiwa hujampa mtu mwingine, nakuomba utuwekee nyumba ile ile Aprili ijayo, katikati ya masika. Na lile jiko, tafadhali, usije ukaliezeka bati.